Nyumba Ikirekebishwa, Mwili Unapata Nini?

Nina uwezo wa kurekebisha kitu kimoja tu. Nianze na kipi?

Kama sakafu ni ya udongo, anza nayo. Udongo hauoshiki. Mtoto anayetambaa akijichafua, mama huzoa kile anachokiona. Mayai ya minyoo hubaki kwenye vumbi, mtoto hulishika, na muda si mrefu kiganja kilekile kiko mdomoni. Saruji hupigwa deki ikakauka.

Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuzimwagia saruji nyumba za familia maskini. Watafiti walikuta kwamba pale sakafu yote ilipobadilishwa, vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hata msongo wa mawazo kwa mama zao ulipungua. Kila nikizisoma takwimu hizi nawaza watoto wangapi bado wanalala juu ya vumbi.

Madirisha yana wavu, mbona mbu bado wanaingia?

Tazama juu, ukuta unapokutana na paa. Mbu wa malaria hufuata pumzi na harufu ya aliyelala. Akikuta ukuta, hupanda nao hadi kwenye ule mwanya, akapenya. Weka wavu hapo, au dari. Nchini Gambia nyumba zilipofanyiwa hivyo, mbu walioingia ndani walipungua kwa karibu nusu, na watoto wenye upungufu wa damu wakawa wachache.

Basi nizibe kila upenyo?

Hapana! Moshi wa jiko, unyevu na vijidudu vya kifua kikuu vinahitaji njia ya kutokea. Wavu huzuia mbu na kupitisha hewa; ubao huzuia vyote viwili. Jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe, kwa maana hewa yake yenye sumu haina harufu. Na ukungu mweusi ukutani usiufunike kwa rangi. Tafuta kwanza maji yanakotoka, kwani ukungu huo huamsha pumu.

Sisi ni wapangaji. Kodi ikipanda baada ya ukarabati?

Hofu hiyo ni ya haki. Familia inayopunguza mlo ili ilipe kodi, au inayohamia chumba kibovu zaidi, imepoteza afya ileile iliyokusudiwa. Kubalianeni na mwenye nyumba kwa maandishi, kiwango cha kodi na muda wake, kabla fundi hajachanganya saruji.