Je, wajua kwa nini Nairobi hadi New York ni saa 15, na kurudi ni saa 14?

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi JFK, uwanja wa New York, ni takriban kilomita 11,840, na umbali wa kwenda ni uleule wa kurudi. Hata hivyo, Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787, ilipanga kama saa 15 za kwenda na kama 14 za kurudi. Tofauti hiyo huletwa hasa na upepo.

Juu ya Afrika Kaskazini na Atlantiki, kwenye kimo cha mita 10,000 na zaidi, upepo huvuma mara nyingi kutoka magharibi, na huwa mkali zaidi majira ya baridi ya huko. Boeing 787 huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Hewa ikitulia, safari ingechukua saa 13 na dakika 9. Sasa chukua upepo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Ukiikabili ndege, kasi yake juu ya ardhi hushuka hadi 840 na muda hufika saa 14 na dakika 6. Ukiisukuma, kasi hupanda hadi 960 na muda huwa saa 12 na dakika 20. Kwenda umepoteza dakika 57, kurudi umeokoa 49 tu, maana ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo mbaya kuliko ndani ya ule mzuri. Juu ya hayo ongeza muda wa ndege kutembea uwanjani, kupanda, kuzunguka na kusubiri zamu ya kutua, kwa kuwa ratiba huhesabiwa tangu ndege iache geti mpaka iegeshwe.

Njia fupi nayo si ile unayoichora kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Rula itakupitisha Nigeria na Mauritania, kama kilomita 350 zaidi. Kwa kuwa dunia ni duara, njia fupi hupinda kaskazini: Sudan Kusini, Darfur (magharibi mwa Sudan), Chad, Algeria, Moroko, kisha bahari. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 na anga yake kufungwa, ndege zililazimika kuizunguka.

Kuna tatizo jingine Nairobi: uwanja uko mita 1,624 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, na joto la mchana huzidi kuipunguza nguvu, hivyo mabawa na injini hubeba uzito mdogo zaidi. Ndege yenye mafuta ya saa 15 ni nzito mno. Kuondoka usiku kwenye baridi husaidia, la sivyo hupunguzwa shehena au abiria.

Usihesabu muda kwa kutoa saa za kwenye tiketi, kwani kila moja ni ya mahali pake. Ikiandikwa 23:25 Nairobi na 06:25 New York, zinaonekana saa 7. Lakini saa za New York ziko nyuma ya za Nairobi: ongeza 8 ukisafiri Januari, upate 15. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Wamarekani wakisogeza saa mbele, ongeza 7 tu.