Chui au paka? Dhana potofu za kutambua wanyama mawindoni

Mtu akisema ameona chui ng'ambo ya shamba, mara nyingi hadanganyi: kitu amekiona kweli. Ila jicho halina rula. Linakisia umbali kwanza, na ukubwa unafuata makisio hayo. Ukikosea umbali, mnyama mzima umemkosea.

Dhana: "Nilimwona vizuri, alikuwa mkubwa mno kuwa paka"

Chui mzima ana kimo cha sentimita 60 hadi 70 begani, na paka wa nyumbani takriban 25. Piga hesabu: chui wa sentimita 65 aliye mita 200, na paka wa sentimita 26 aliye mita 80, machoni ni sawasawa. Kwenye uwanda usio na mti wala nguzo ya kulinganishia, ukubwa peke yake haukwambii kitu. Kamera ya joto, inayopiga picha kwa joto la mwili badala ya mwanga, huzidisha utata, kwa kuwa haionyeshi rangi ya manyoya. Ule weusi au weupe unaouona ni mpangilio wa kifaa.

Dawa ni kupima palepale. Tia alama ardhini uliposimama. Mwenzako aende alipopita mnyama, ashike wima fimbo yenye alama kila sentimita 10, nawe upige picha kwa kamera ileile uliyompigia mnyama, bila kubadili ukuzaji. Linganisha picha ya fimbo na ya mnyama, utapata kimo cha bega.

Kama kupima haiwezekani, achana na ukubwa, tazama umbo. Mkia wa chui ni mrefu kupita nusu ya kiwiliwili. Mondo, ambaye mara nyingi hudhaniwa kuwa chui mdogo au duma, ana mkia mfupi, miguu mirefu na masikio makubwa yaliyokaribiana. Simbamangu hana madoa mgongoni, na ncha za masikio yake zina vishungi vyeusi. Duma ana mstari mweusi unaoshuka kutoka kila jicho hadi mdomoni, na madoa yake yamejaa; ya chui yamejikusanya mafungumafungu mfano wa maua.

Dhana: Chui mweusi ni mnyama wa aina yake

Ni chui yuleyule, au jagwa kwa upande wa Amerika, aliyezaliwa na rangi nyeusi iliyozidi. Jua likimpiga kwa ubavu, madoa yanajitokeza. Puma mweusi, yaani yule paka mkubwa mwingine wa Amerika, hajathibitishwa popote.

Dhana: Unyayo usio na kucha ni wa paka, wenye kucha ni wa mbwa

Kanuni hii ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Paka, na hapa ni jamii yote ya paka, chui akiwemo, huficha kucha akitembea, lakini huzitoa kwenye tope linaloteleza. Duma hawezi kuzificha zote ndani, kwa hiyo unyayo wake una alama za kucha. Mbwa naye, kwenye ardhi ngumu, anaweza asiache hata moja.

Tazama kiganja, yaani ile sehemu kubwa nyuma ya vidole. Cha paka, ukingo wa nyuma una vifundo vitatu. Cha mbwa kinakaribia pembetatu. Kisha tazama vidole: vya mbwa vinalingana kushoto na kulia, na vile viwili vya mbele viko sambamba, vya paka vimekaa upande kidogo, kimoja kikitangulia. Unyayo wa paka ni mviringo, wa mbwa ni mrefu kuliko upana. Fisi huacha alama za kucha, na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma.

Upana wa unyayo wa paka wa nyumbani ni kama sentimita 3 hadi 4, wa chui 7 hadi 10. Pima sakafu ya unyayo, si kingo za juu, maana tope likikauka au kunyeshewa kingo hutanuka. Angalia pia kama mguu wa nyuma umekanyaga alama ya mguu wa mbele: nyayo mbili zikipandana, huonekana kama moja kubwa ya kutisha.

Piga picha kutoka juu moja kwa moja, rula ikiwa kando. Ukitaka kuuhifadhi unyayo, changanya plasta ya Parisi, unga mweupe unaoganda ukitiwa maji, sehemu mbili kwa moja ya maji. Mimina kando ya unyayo mchanganyiko ujiingie wenyewe, kwani ukimwagia juu unafuta alama ndogo. Usiinue kabla ya nusu saa.

Dhana: Mzoga ulioumwa kooni, au fuvu lililookotwa, unatosha kuwa ushahidi

Chuna ngozi ya shingo kwanza. Damu iliyovilia chini ya matundu ya meno inaonyesha mnyama aliumwa akiwa hai. Kama hakuna, aliyeuma alikuta mzoga. Mbwa kwa kawaida huacha majeraha mengi yaliyotapakaa mapajani na ubavuni.

Kuhusu fuvu, mwaka 1995 huko Bodmin Moor, Uingereza, serikali ilichunguza habari za paka mkubwa bila kupata uthibitisho. Muda mfupi baadaye fuvu la chui likaokotwa katika mto Fowey. Lilikuwa la chui kweli, lakini lilikuwa na alama za kisu, na ndani yake mlikuwa na kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto. Lilikuwa limetoka kwenye zulia la ngozi.

Dhana: Macho yaking'aa tochini, rangi inamtaja mnyama

Rangi hiyo hubadilika kwa pembe ya mwanga na aina ya tochi. Mbwa, mbuzi, swala na chui wote hung'aa, kwa sababu nyuma ya jicho wana utando unaorudisha mwanga. Nguruwe hana utando huo. Binadamu naye hana, na hili ndilo la hatari zaidi: mtu aliyechutama kichakani hatang'aa ili akujulishe yupo.

Ndiyo maana darubini ya bunduki si chombo cha kutambulia. Ukiitumia hivyo, mtutu tayari umemwelekea usiyemjua. Tumia darubini ya mkononi, bunduki ikiwa imefungwa usalama, na usiifungue mpaka umeona kichwa, mkia na mwendo wa mnyama, vyote vitatu.