Kusafisha ardhi yenye sumu mjini: maana yake nini?

Kiwanda kinaweza kufungwa kwa siku moja, lakini kilichomwagika ardhini hubaki. Kusafisha na kuendeleza upya ardhi iliyochafuliwa ni kazi ya kuondoa au kudhibiti sumu kwenye eneo lililowahi kuwa kiwanda, gereji, kituo cha mafuta au dampo, ili pajengwe nyumba, shule au bustani bila kudhuru watu.

Kazi huanza na historia: nani alikuwa hapa, alitumia nini, taka alimwaga wapi. Kisha wataalamu huchimba vishimo na kupeleka udongo na maji ya chini maabara. Kiwango cha usafi hutegemea matumizi yajayo. Sakafu nzito ya zege inaweza kutosha kwa maegesho ya malori. Kwa chekechea haitoshi, maana mtoto hucheza mchangani na kutia vidole mdomoni.

Njia hutegemea sumu yenyewe. Dizeli iliyovuja inaweza kuliwa na bakteria wa udongoni wakipata hewa na virutubisho. Risasi, ile metali nzito ya kwenye betri za gari, haiozi kamwe. Ni kuichimba na kuihamisha, kuifunika, au kuosha udongo. Uoshaji huu ulifanyika kwa ukubwa wa ajabu Stratford, mashariki ya London, kabla ya Olimpiki ya 2012, kwenye ardhi iliyokuwa na lami, mafuta, arseniki na risasi kutokana na viwanda vya miaka mingi. Sumu nyingi hushikana na chembe laini za tope, kwa hiyo zikitenganishwa, mchanga na kokoto hurudi kutumika papo hapo. Leo pale pana bustani na makazi.

Hapa kwetu, mfano mchungu zaidi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilieneza risasi mtaani hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alikuwa amefanya kazi kiwandani humo, na mwanawe akaugua. Ndiye aliyeongoza wakazi kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe, na baada ya fidia hiyo kufutwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Mimi naona agizo la kusafisha lina uzito sawa na la fidia, ingawa halizungumzwi sana. Mzazi akilipwa leo, na vumbi la uani bado lina risasi, mtoto atakayezaliwa mwakani ataivuta ileile. Na usafi ukifika, bei ya ardhi hupanda. Wapangaji walioumia wasipolindwa kwa maandishi mapema, watahamishwa na wengine ndio watakaofaidi udongo safi.

Ukitaka kununua kiwanja mjini, waulize wazee wa mtaa palikuwa na nini zamani. Kama ni gereji au kituo cha mafuta, pima udongo kwanza, na usichimbe kisima kabla ya majibu.