Go Soeda na pointi za wiki 52

Nikiulizwa maisha ya mchezaji tenisi wa kulipwa asiye na jina kubwa yakoje, humtaja Go Soeda kabla ya Kei Nishikori, Mjapani mwenzake aliyevuma zaidi. Soeda alizaliwa mwaka 1984 mkoani Kanagawa, Japani, akaanza kucheza kwa malipo mwaka 2003. Hadi anastaafu mwaka 2022 hakuwahi kuvuka raundi ya pili ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Lakini aliwahi kuwa wa 47 duniani. Alifikaje huko?

Alifika kupitia Challenger, ngazi iliyo chini ya mashindano makuu ya ATP, chombo kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume; huko alitwaa mataji 18. Nafasi ya mchezaji duniani hupangwa kwa pointi anazokusanya mashindanoni. Mwaka 2012 bingwa wa Challenger alipata pointi kati ya 80 na 125. Bingwa wa Wimbledon, mojawapo ya Grand Slam, alizoa 2,000. Na hizo 80 huzipati hivihivi. Kwa kawaida ni mechi tano ndani ya wiki moja, kisha unafunga begi kwenda mji mwingine.

Kinachochosha zaidi ni kwamba pointi hudumu wiki 52 tu. Ukibeba kombe Novemba, Novemba ijayo zinafutwa, na usipopata nyingine za kuziba pengo unaporomoka. Ukishuka zaidi kidogo ya nafasi ya 100, mlango wa moja kwa moja wa Grand Slam unafungwa. Inabidi ukacheze mechi za kufuzu: wanaume 128 wanagombea nafasi 16, na ni lazima ushinde mara tatu mfululizo ndipo uhesabiwe kuwa umeingia. Watu huona jina la mtu aliyetolewa raundi ya kwanza wakamdharau, bila kujua alichopitia kufika pale.

Ndiyo maana naithamini mno wiki moja ya Julai 2012 kule Atlanta. Robo fainali Soeda alipangwa na Nishikori mwenyewe, ambaye tayari alikuwa ndani ya 20 bora, akamshinda 6-2, 6-1. Alitolewa nusu fainali, lakini Jumatatu orodha mpya ilipotoka alikuwa wa 47, nafasi yake ya juu kabisa. Siku chache baadaye alikuwa London, kwenye Olimpiki.

Tangu 2023 ndiye nahodha wa Japani katika Davis Cup, mashindano ya timu za taifa za wanaume. Kwangu mimi uteuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, maana baadhi ya vijana anaowaita kikosini bado wanahangaikia pointi kwenye Challenger zilezile.