Tamthilia za Mitaani za Uingereza: Maneno ya Watu na Ukweli Kuhusu Uwakilishi

Kila tamthilia ndefu ya Uingereza inapomwingiza mhusika mweusi, mwenye asili ya Asia au mwenye ulemavu, maneno ni yaleyale: wamelazimishwa, ni fasheni tu, watazamaji watakimbia. Ninazipenda tamthilia hizi, na maneno hayo yananiuma kwa sababu historia yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama.

"Ni mambo ya juzi"

EastEnders, tamthilia ya maisha ya mtaa mmoja wa London, ilianza kurushwa na BBC tarehe 19 Februari 1985. Waanzilishi wake, Julia Smith na Tony Holland, walitaka mtaa unaofanana na mashariki ya London yenyewe, na huko wahamiaji walikuwepo zamani. Ndiyo maana tangu mwanzo Albert Square, mtaa wa kubuni wa tamthilia hiyo, ilikuwa na Saeed na Naima Jeffery wenye duka, Tony Carpenter na mwanawe Kelvin kutoka familia yenye asili ya Karibiani, na Ali Osman, Mturuki wa Saiprasi aliyeendesha mgahawa na mkewe Sue. Hakuna aliyewachomeka baadaye.

"Watazamaji watakimbia"

Krismasi ya 1986, Den, mwenye baa ya mtaa huo, alipomkabidhi mkewe Angie hati za talaka, watazamaji walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30 pamoja na walioangalia marudio. Kweli, walifuata ndoa ile iliyokuwa inavunjika. Lakini mtaa waliouangalia ulikuwa huohuo wa akina Jeffery, Carpenter na Osman, na mwaka huohuo alikuwa amehamia Colin, mwanamume anayependa wanaume wenzake. Majirani hao hawakuwazuia watu kuwasha televisheni.

"Wakishaonekana, inatosha"

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hata wanaounga mkono uwakilishi hujikwaa hapa. Mwaka 2003 EastEnders ilileta familia ya Ferreira, yenye asili ya India. Jina la ukoo lilikuwa la Kireno, kama la Wakatoliki wa Goa, eneo la India lililotawaliwa na Ureno, ilhali mtoto mmoja aliitwa Tariq, jina la Kiislamu. Watazamaji wenye asili ya Asia Kusini waliliona hilo mara moja: familia ya namna gani hii, ya dini gani, ya wapi hasa? Ukoo mzima ukaondolewa kufikia 2005. Sura zao zilionekana vizuri kwenye skrini, ila hakuna aliyewatungia nyumba yenye mila inayoeleweka.

Mwaka 2007 ikaingia familia ya Masood, Waislamu wenye asili ya Pakistan. Baba aliigizwa na Nitin Ganatra, mzaliwa wa Kenya, na mama, Zainab, na Nina Wadia. Zainab alikuwa na ulimi mkali, kiburi na mapenzi mazito kwa wanawe; angeweza kukukera Jumatatu na kukuliza Alhamisi. Kwangu mimi tofauti ni hiyo: Zainab aliruhusiwa kukosea kama mtu yeyote mwingine pale mtaani.

Tena, kuonekana kila wiki si sawa na kupewa hadithi. Tarehe 24 Februari 2009 ndipo EastEnders ilipotoa kwa mara ya kwanza sehemu ambayo waigizaji wake wote walikuwa weusi, ambamo Patrick Trueman, anayeigizwa na Rudolph Walker, alisimulia ghasia za ubaguzi wa rangi za Notting Hill, London, za 1958. Ilichukua miaka 24.

"Uwakilishi ni rangi ya ngozi tu"

Mark Fowler, mhusika wa EastEnders, aligundulika kuwa na VVU mwaka 1991, na akaendelea kuuza matunda na mboga sokoni, kupenda na kuoa hadi alipoondoka mwaka 2003. Mwaka 2020 Rose Ayling-Ellis, mwigizaji kiziwi, aliingia kama Frankie Lewis, naye Frankie alikuwa kiziwi pia.

"Tusubiri, muda utaleta wenyewe"

Coronation Street, tamthilia nyingine ndefu ya Uingereza, ilianza tarehe 9 Desemba 1960. Wahusika weusi mmoja mmoja walipita, lakini familia yake ya kwanza ya watu weusi, akina Bailey, ilihamia mwaka 2019. Aliyezaliwa tamthilia ilipoanza alikuwa anakaribia miaka 59. Na haikuwa kwamba watu hao hawakuwepo jirani: Moss Side, ambako wahamiaji wa Karibiani walijenga maisha yao tangu miaka ya 1950, iko kilomita chache tu kutoka katikati ya Manchester, zilikokuwa studio za kampuni ya televisheni ya Granada zilizoitengeneza tamthilia hiyo.