Umefika alfajiri, daktari umemwona mchana: foleni ya kliniki inatoka wapi

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kliniki ya kisukari na presha katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote hayahusu dawa wala ugonjwa wenyewe. Ni foleni. Mtu anaingia chumbani amenuna, na ana haki ya kununa: ameamka usiku, amepanda daladala ya kwanza, amekaa kwenye benchi mpaka miguu imekufa ganzi. Akishaingia, kabla hajamaliza kueleza shida yake, mlango unagongwa na mwingine anayetaka kujua zamu yake lini.

Wengi wameshajipa jibu: madaktari wako kantini wanakunywa chai. Wapo wanaochelewa kazini, na hao sitawatetea. Lakini hata siku ambayo kila mtumishi amewahi, foleni inakuwa pale pale. Uchache wa madaktari nao ni kweli, ila hauelezi kila kitu. Sehemu kubwa ya kusubiri inazaliwa siku ile mgonjwa anapoandikiwa tarehe ya kurudi.

Itazame kadi yako ya kliniki. Imeandikwa tarehe, saa haipo. Kwa mdomo umeambiwa "njoo mapema", na wenzako wote wameambiwa hivyo hivyo. Sasa tupige hesabu. Chukulia kliniki ina wagonjwa 60 na madaktari wawili, na kila mgonjwa anachukua dakika 8. Watu wote wamefika saa 1:30 asubuhi. Madaktari wanaanza saa 3, kwa sababu kabla ya hapo wako wodini wanafanya raundi ya wagonjwa waliolazwa. Mgonjwa wa mwisho ataingia kwa daktari saa 7 kasoro dakika 8. Amesubiri saa 5 na dakika 22 kwa ajili ya dakika 8.

Chukua madaktari hao hao na wagonjwa hao hao, ila kadi ziandikwe saa: 15 waje saa 3, 15 saa 4, 15 saa 5, 15 saa 6. Madaktari watamaliza kazi kwenye saa 7 mchana, karibu sawa na mwanzo. Lakini kila mtu akifika kwa saa yake, hakuna atakayekaa zaidi ya saa moja. Hakuna daktari aliyeongezwa wala shilingi iliyotumika, zaidi ya wino wa kuandika saa kwenye kadi.

Jambo hili si ugunduzi mpya. Mwaka 1952 mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, Norman Bailey, alichapisha uchunguzi wake kuhusu foleni za wagonjwa wa nje katika hospitali za huko. Alikuta wagonjwa wanakalishwa muda mrefu ili daktari asipoteze hata dakika moja akiwa hana mtu mbele yake. Pendekezo lake lilikuwa waitwe wagonjwa wawili mwanzoni, kisha mmoja mmoja kwa nafasi inayolingana na wastani wa muda wa kumwona mgonjwa. Daktari atakaa bure dakika chache sana kwa siku, na wagonjwa wataokoa saa nyingi. Miaka zaidi ya 70 imepita na bado kliniki nyingi zinaendeshwa kana kwamba muda wa mgonjwa hauna thamani yoyote. Fundi cherehani aliyefunga kibanda chake siku nzima amepoteza kipato cha siku nzima. Mama lishe ndiyo kabisa.

Kuna watu wataniuliza: basi mkiandika saa, kwa nini hospitali zenye miadi ya saa bado zinachelewesha? Swali zuri, na jibu lake lilianzia kwenye simu. Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za foleni mwaka 1909, akitaka kujua laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasikwame. Hesabu zilizokua kutokana na kazi yake zinaonyesha jambo ambalo viongozi wengi wa hospitali hawalitegemei. Pale ambapo watu wanafika bila mpangilio na muda wa kuwahudumia haulingani, kusubiri hakuongezeki taratibu kadiri kazi inavyoongezeka. Daktari akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, mgonjwa anasubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Kwa dakika 8, hiyo ni dakika 32. Kazi ikifika asilimia 90, ni mara 9, yaani dakika 72. Ikifika asilimia 95, ni mara 19: dakika 152. Asilimia 5 tu za nyongeza zimezidisha kusubiri mara mbili na zaidi.

Kwa hiyo mpangaji wa kliniki anayejaza kila nafasi kwenye daftari, akidhani anabana matumizi, ndiye anayezalisha foleni. Wale 15 wa kila saa niliowataja wanapaswa kuwa 12 au 13, ili ibaki nafasi ya kupumua. Maana dakika 8 ni wastani tu. Kuna anayekuja sukari imetulia, tunaongea dakika 4, anaenda kuchukua dawa. Halafu anaingia mtu ambaye majibu yake yanaonyesha figo zimeshindwa kazi, na leo ndiyo mara ya kwanza anasikia neno dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Huyo siwezi kumpa dakika 8. Ninyi mlioko nje mnaona mlango umefungwa dakika 30 na mnakasirika. Mngejua kilichokuwa kinazungumzwa ndani, nadhani wengi mngenielewa.

Mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa nchi 67 kuhusu muda ambao daktari wa huduma za msingi anakaa na mgonjwa. Bangladesh ilikuwa sekunde 48, Sweden dakika 22.5. Karibu nusu ya watu duniani wanaishi katika nchi ambazo muda huo ni dakika 5 au pungufu. Nalitaja hili kwa sababu shinikizo la kupunguza foleni likija vibaya linakula dakika za mgonjwa akiwa mbele ya daktari. Foleni fupi ya namna hiyo siitaki.

Jambo jingine: foleni unayoiona si moja. Kuna dirisha la usajili, kuna malipo au uhakiki wa bima, kuna meza ya nesi ya kupima presha na uzito, kuna daktari, kuna kulipia vipimo, kuna maabara, kuna kurudi kwa daktari na majibu, kuna kulipia dawa, halafu dirisha la dawa. Mtandao ukikatika kwenye dirisha la bima, daktari anakaa hana mgonjwa huku watu 40 wako nje. Ukiniuliza pesa ikipatikana iwekwe wapi, mara nyingi sitasema daktari mwingine kabla sijaangalia dirisha la malipo.

Na hapo kwenye kurudi na majibu ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Umekaa tangu asubuhi, anatokea mtu mkononi ana karatasi, anaingia moja kwa moja. Benchi zima linanung'unika: "Huyo kapita wapi?" Mara nyingi hajaruka foleni. Alishamwona daktari asubuhi, akatumwa maabara, sasa anamalizia. Akirudishwa nyuma ya mstari atakuwa amepanga foleni ya daktari mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Ni utaratibu wa haki, ila ni nani amewahi kusimama akauelezea? Nesi akitangaza asubuhi kwamba baada ya kila wagonjwa watatu wapya ataingia mmoja mwenye majibu, manung'uniko yanapungua sana. Anayepitishwa kwa kuwa shemeji yake anafanya kazi pale, huyo ameruka foleni, na mtumishi anayempitisha anawaibia walioko kwenye benchi. Mzee kupishwa ni suala lingine. "Mpishe mzee kwanza" ni utaratibu unaofahamika, na vijana wengi wanaukubali bila kuambiwa mara mbili.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Mgonjwa wa kisukari anaambiwa aje hajala ili apimwe sukari ya kufunga. Kipimo hicho kinahitaji angalau saa 8 bila chakula. Kwa hiyo bibi wa miaka 70 amekula saa 2 usiku, amefika saa 12 asubuhi, na ilipofika saa 5 bado amekaa na chupa yake ya chai ndani ya kikapu, haijafunguliwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuifungua. Damu yake ilishachukuliwa saa 2. Kufunga kuliisha pale pale kidole kilipotobolewa. Hizo saa 3 nyingine alizokaa na njaa hazikuwa na faida yoyote kwake wala kwangu.

Na zina hatari. Kama alichoma insulini nyumbani, au alimeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, kwa mazoea ya kila asubuhi, sukari inashuka akiwa amekaa palepale kwenye benchi. Dalili zake ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, na baadaye maneno yasiyoeleweka. Jirani anadhani mzee amesinzia kwa uchovu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 kwenye mashine zetu, na mgonjwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Aitwe nesi mara moja.

Kwa hiyo nawaomba mjue haya. Ukiambiwa ufunge, maji ya kunywa yanaruhusiwa. Insulini inayochomwa wakati wa kula usiichome mpaka chakula kiwe mbele yako. Ichukue uje nayo, na siku ukipewa tarehe muulize daktari dozi ya siku hiyo uitumieje. Ukishatolewa damu, muulize nesi: "Sista, naweza kula sasa?" Wala hujasumbua mtu. Muulize pia daktari kama kweli kuna haja ya kufunga, maana HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, hakihitaji kufunga kabisa.

Wagonjwa wa presha nao wana lao. Wengi wakisikia "kufunga" wanaacha na dawa ya presha ya asubuhi. Kwa kawaida dawa hiyo inamezwa na maji kama siku zote, isipokuwa daktari wako amesema vinginevyo. Usipoimeza, ukapanda ngazi, ukagombana na mtu wa dirishani, mkojo umekubana kwa sababu unaogopa kwenda chooni jina lako lisije likaitwa, halafu ukapimwa ukiwa umesimama au ndio kwanza umekaa, namba itakayosomeka si presha yako ya kila siku. Inatakiwa ukae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono kwenye usawa wa moyo. Nimeona watu wakija wameongezewa dawa kwa sababu ya presha iliyopandishwa na foleni. Ukipimwa vibaya, omba kurudiwa.

Nirudi kwenye hasira yenyewe. Mwaka 1985 David Maister, aliyekuwa akichunguza huduma, aliandika kwamba kusubiri bila kujua muda kunaonekana kurefu kuliko kusubiri muda unaojulikana, kusubiri bila kuelezwa kunachosha kuliko kulikoelezwa, na kusubiri kusiko na haki kunaonekana kurefu kuliko kusubiri kwenye haki. Kila anayefanya kazi mapokezi anayaona haya kila siku. Daktari akiitwa chumba cha upasuaji au wodini kwa dharura, mtumishi mmoja akisimama mbele ya benchi na kusema, "Jamani, samahanini, dokta ameitwa wodini, tunatarajia arudi baada ya saa moja, mwenye kutaka kwenda kunywa chai aende, namba yake itabaki," watu wanatulia. Wanachokataa ni kukaa gizani.

Na kuna safari ambazo hazikupaswa kuwepo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wanaoishi na VVU ambao hali zao ni imara wawe wanapewa dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mara moja. CTC zetu, yaani kliniki za VVU, zilifuata njia hiyo. Mgonjwa wa presha aliyetulia kwa mwaka mzima kwa dawa zile zile bado mara nyingi anaitwa kila mwezi hospitali ya mkoa, wakati kituo cha afya karibu na kwake kina mashine ya presha na dawa za kawaida. Kama wewe ni mmoja wao, muulize daktari wako kama unaweza kurudishwa huko, au kupewa tarehe ya mbali zaidi. Uliza pia kliniki yako ina siku gani yenye watu wachache. Manesi wanaijua vizuri.

Yapo mambo ambayo hayana foleni. Maumivu makali ya kifua, kushindwa kupumua, mdomo kupinda au mkono mmoja kukosa nguvu ghafla, kuchanganyikiwa, degedege, mjamzito kutokwa damu: usikae kwenye benchi kusubiri jina, na usimwache jirani yako akae. Inuka, nenda kwenye meza ya nesi au chumba cha dharura, sema kwa sauti ni nini kinatokea na kimeanza saa ngapi. Hiyo saa ya kuanza ndiyo swali la kwanza tutakalokuuliza.