Kirefusho cha Kiungo cha Trela Hupunguza Uzito Unaoruhusiwa Kuvutwa

Mwenye pikapu, au gari lenye gurudumu la akiba mlangoni, hukuta mara nyingi kwamba mlango wa nyuma haufunguki trela ikiwa imeungwa, naye hununua kirefusho, yaani bomba la chuma linalochomekwa kwenye kiungo cha gari ili kusogeza tufe la kuvutia nyuma zaidi. Tatizo la mlango huisha, lakini wanunuzi wengi hawaambiwi kwamba gari lile lile sasa halistahili kuvuta mzigo ule ule.

Aliyewahi kushika jerikeni la lita 20 kwa mkono ulionyooshwa anaijua sababu. Trela iliyopakiwa vizuri hukandamiza tufe kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, kwa hiyo trela ya kilo 1,200 inaweza kukandamiza kwa kilo 150. Ikiwa tufe lilikuwa sentimita 25 nyuma ya pini ya kiungo, na kirefusho kikaongeza sentimita 45, nguvu inayokikunja kiungo huwa karibu mara tatu ya ile ya mwanzo, ingawa trela haijaongezewa hata kilo moja. Hapo gari bado limesimama. Likipita kwenye tuta au shimo, nguvu hiyo hupanda tena kwa ghafla.

Ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza kikomo cha kiungo kipunguzwe kwa nusu pale kirefusho kinapotumika. Kiungo kilichoandikwa kilo 2,000 za kuvuta na 200 za kukandamiza kihesabiwe kuwa cha 1,000 na 100, na trela ya mfano wetu imekwisha kuvuka vikomo vyote viwili. Kama kirefusho chenyewe, tufe au gari lina kikomo kidogo zaidi, hicho kidogo ndicho cha kufuatwa.

Usukani nao huathirika. Kadiri tufe linavyokaa mbali na ekseli ya nyuma, ndivyo magurudumu ya mbele yanavyoinuliwa na kupoteza mshiko, jambo la hatari hasa kwenye barabara ya murram iliyolowa, na ndivyo trela inavyopata nguvu ya kuyumbisha gari zima.

Ninachokiogopa zaidi ni virefusho vinavyochomelewa gereji kwa bomba lolote lililopo. Katika ukaguzi mmoja nilishika kirefusho cha namna hiyo kilichokuwa kimevuta trela ya tangi la maji kutoka Masaka hadi Kampala: tundu la pini, lililotobolewa duara, lilikuwa limegeuka umbo la yai, na kando ya mshono wa kuchomelea kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaotoa kutu nyekundu. Dereva alisema gari lilivuta vizuri njia nzima, na alisema kweli, kwa sababu ufa wa namna hiyo hausikiki kwenye usukani wala kwenye injini mpaka chuma kikatike.

Kwa hiyo, kama tufe linaweza kufika bila kirefusho, kiacheni. Kama hamna budi, tumieni kifupi kinachotosha, chenye kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, na kila baada ya safari kipangusweni matope mkague mshono na tundu la pini. Minyororo ya usalama ifungwe kwenye kiungo cha gari lenyewe, kamwe isifungwe kwenye kirefusho, maana kirefusho kikikatika mnyororo uliofungwa hapo huondoka nacho pamoja na trela.